Eksili ya mbele iliyochomelewa: tuipige marufuku yote, au tutenganishe kifaa na kifaa?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mbele yetu inasema kwamba Land Cruiser au Land Rover yoyote kuukuu ambayo eksili yake ya mbele imewahi kuchomelewa isiruhusiwe tena kubeba abiria. Wanaoipinga wanajibu kwamba magari hayo ndiyo yanayofika kwenye zahanati na shule za mbali, na kwamba bila fundi wa kuchomelea yangekuwa chuma chakavu zamani. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaizungumzia eksili kana kwamba ni chuma kimoja.

Land Cruiser za mfululizo wa 60, 70 na 80 zina eksili ya mbele iliyo nzima, yaani bomba moja linaloshika difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na kufika gurudumu hadi gurudumu. Kila mwisho wa bomba una tufe lililo wazi ndani, na juu ya tufe hilo hugeuka kiwiko cha gurudumu, kikishikwa na beringi mbili, ya juu na ya chini. Ndani ya tufe mna jointi ya gololi 6, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Mkono wa usukani nao hufungwa kwenye kiwiko kwa stadi 4 (bolti zisizo na kichwa) na washa zenye umbo la pia. Ni vifaa vinne vyenye kazi tofauti na chuma tofauti, na kila kimoja huharibika kwa namna yake.

Bomba linakubali kuchomelewa. Gari linalopita kila siku barabara ya vumbi kati ya Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti, yenye matuta madogo yaliyopangana kama mbavu, linaweza kupata ufa karibu na tufe, na kipande cha bamba kilichoshikizwa vizuri hapo ni matengenezo halali. Tatizo ni kwamba kila mshono wa moto, unapopoa, husinyaa na kulivuta bomba upande wake. Bomba likipinda hata kidogo, shafti, yaani chuma kinachozunguka ndani ya bomba, haipiti tena katikati ya sili, pete inayozuia oili isitoke. Sili huliwa upande mmoja, oili ya difu huingia ndani ya kiwiko na kuiyeyusha grisi, na jointi husagika bila mwenye gari kujua chanzo chake ni bamba lililowekwa miezi kadhaa nyuma. Kwa hiyo fundi anayefaa huchomelea vipande vifupi, akibadilisha upande na upande, huacha chuma kipoe chenyewe bila kukimwagia maji, na hupima unyoofu kabla na baada ya kazi. Asiyepima amebahatisha, hata kama mshono wake unapendeza macho.

Mkono wa usukani, fimbo inayounganisha magurudumu na zile stadi 4 ni habari nyingine kabisa, na hapa nakubaliana na wenye marufuku bila kupunguza neno. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo sehemu moja na kuacha nyingine ikikatika kama kigae. Niliwahi kununua gari ambalo gereji ya awali, nisiyotaka kuitaja, ilikuwa imechomelea stadi iliyokatika badala ya kuitoa na kuweka mpya. Niliigundua kwa sababu tu nilifungua kiwiko kubadilisha sili. Nilisimama pale nikifikiria mteremko wa kwenda Mto wa Mbu ambao nilikuwa nimeushuka juma lile na watoto ndani ya gari.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kuimarisha hulipita haraka. Eksili ikiongezwa mabamba, kisha gari likavishwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani, nguvu ambayo zamani ilipinda bomba haipotei. Huhamia kwenye jointi na meno ya difu. Mara nyingi gari halihitaji bamba lolote. Linahitaji beringi mpya za kiwiko, sili, grisi safi na stadi zilizokazwa kwa kipimo, kazi ambayo mafundi wetu wengi wanaiweza vizuri, lakini wenye magari huiahirisha mpaka usukani uanze kutikisika.

Wanaosema kwamba ukaguzi wa namna hii hauwezekani wafikirie upya. Gari linainuliwa kwa jeki, gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa, na ulegevu wa beringi unaonekana papo hapo; kisha stadi hupigwa spana, na mkono wa usukani husafishwa na kutazamwa kama una alama ya moto.

Naomba basi mwenye kutetea marufuku kamili anijibu hili. Chini ya kanuni anayoipendekeza, gari lenye bomba lililochomelewa, likapimwa na kukutwa limenyooka, litazuiwa. Gari la jirani ambalo halijawahi kuguswa na moto, lakini stadi 2 kati ya 4 zimelegea, litapita na abiria wake. Ni lipi kati ya hayo mawili angelizuia yeye mwenyewe?