Kuhamia kijijini Java ya Kati: tuanze na ardhi, mbuzi au nyumba?

msafiri_milimani

Wakuu, habari za leo. Mke wangu ni Mwindonesia, mimi ni mgeni. Tunahamia kijijini kwao Java ya Kati, sehemu ya milima. Akiba yetu ni rupia milioni 400. Mezani kuna mambo matatu:

Mjomba wake anauza kiwanja cha "ubin 120" kwa rupia milioni 200. Hakina sertifikat (hati rasmi ya umiliki), kuna karatasi ya Letter C tu. Jirani anatoa rehani shamba lake la mpunga, robo hekta. Na kila tunayemuuliza anatuambia tununue mbuzi, au tupande sengon (mti wa mbao unaokua haraka).

Tulioana miaka mitatu iliyopita bila mkataba wowote wa mali. Kitambulisho cha mke wangu (KTP) bado ni cha Jakarta. Tuanze na lipi, na mitego iko wapi?

PimaKwanza

Mkuu, usilipe hata rupia moja ya kiwanja kabla hamjatengeneza mkataba wa kutenganisha mali. Hilo ndilo la kwanza, mengine yote yanafuata.

Sababu ni hii. Sheria ya Ardhi ya 1960 (UUPA) inampa raia peke yake Hak Milik, yaani umiliki kamili. Mke wako ni raia, sawa, lakini bila mkataba kila mnachonunua ndani ya ndoa ni mali ya wote wawili, na wewe huruhusiwi kushika Hak Milik. Kifungu cha 21 kinasema mgeni aliyeipata kwa njia ya mali ya ndoa aiachie ndani ya mwaka 1. Ofisa wa hati za ardhi (PPAT) anayejua kazi yake atakataa kuwaandikia. Zamani mkataba huo ulikubalika tu ukifanywa kabla ya ndoa. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba namba 69/PUU-XIII/2015 ulifungua mlango: sasa unaweza kufanywa hata mkiwa mmeshaoana. Mnakwenda kwa notaris (mwandishi rasmi wa mikataba), kisha mnausajili KUA (ofisi ya ndoa za Kiislamu) kama ndoa ni ya Kiislamu, au Dukcapil (ofisi ya usajili wa raia) kama si ya Kiislamu. Usiposajiliwa haumfungi mtu wa tatu, na BPN (ofisi ya taifa ya ardhi) nayo ni mtu wa tatu.

Ukiambiwa "andika jina la rafiki, kisha msaini karatasi ya siri", kataa. Kifungu cha 26 kinasema mauzo ya kumpitishia mgeni Hak Milik, waziwazi au kwa kificho, ni batili, ardhi inarudi kwa dola na pesa huwezi kuzidai tena. Njia ya kampuni ya kigeni (PT PMA) nayo si ya saizi yenu: inadai mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo.

Sasa kiwanja chenyewe. Ubin 1 ni mraba wa mita 3.75 kwa 3.75, yaani mita za mraba 14 na kidogo. Kwa hiyo ubin 120 ni kama mita za mraba 1,690. Pimeni kwa futi wenyewe, mkiwa na majirani wa pande zote nne. Takwimu za Letter C nyingi ni za enzi za ukoloni na mto umeshakula kona.

Letter C si hati ya umiliki. Ni daftari la kodi la kijiji. PP (kanuni ya serikali) namba 18 ya 2021 ilizipa karatasi za aina hiyo miaka 5, yaani hadi Februari 2026. Baada ya hapo hazihesabiki tena kama uthibitisho wa haki, zinabaki dokezo tu la kuanzia usajili. Risiti ya kodi ya ardhi (SPPT PBB) vilevile haithibitishi umiliki, hata ukiwa na rundo la miaka ishirini.

Nendeni ofisi ya kijiji, muombe kuliona daftari lenyewe, msiridhike na nakala aliyonayo mjomba. Tazameni jina la mwisho lililoandikwa. Likiwa la babu, basi mjomba anauza mirathi isiyogawanywa, na hapo ndipo mauzo mengi ya kifamilia yanapofia. Kila mrithi lazima asaini, pamoja na yule dada aliyeko Malaysia au kaka aliyehamia Kalimantan miaka mingi. Asiposaini mmoja, hakuna hati. Agizeni surat keterangan waris (cheti cha kutaja warithi wote) kwanza, ndipo mzungumze bei.

Mkataba mzuri na mjomba ni huu: yeye asajili kwanza na kutoa sertifikat kwa jina lake, nyinyi mlipe malipo ya awali madogo kwa maandishi, na salio siku ya kusaini hati ya mauzo (AJB) mbele ya PPAT. Kijiji kikiingizwa kwenye mpango wa usajili wa pamoja (PTSL), gharama inashuka sana. Muulizeni mkuu wa kijiji kama zamu yao ipo.

Gharama za siku ya AJB: muuzaji analipa kodi ya asilimia 2.5, yaani milioni 5 kwa bei hiyo. Mnunuzi analipa BPHTB (kodi ya kupata ardhi) asilimia 5 ya kinachozidi kiwango cha msamaha; msamaha ukiwa milioni 80, mnalipa 5% ya milioni 120, ambayo ni milioni 6. PPAT haruhusiwi kutoza zaidi ya 1% ya bei. Msikubali kuandika bei ya uongo ili kupunguza kodi, maana siku mtakapouza, au mkigombana na warithi, bei hiyo ya karatasi ndiyo itakayosomwa.

Na rangi ya eneo kwenye ramani ya wilaya? Watu wanasema "zona kuning" (njano) kwa makazi na "zona hijau" (kijani) kwa kilimo. Java ya Kati ni kati ya mikoa 8 ya kwanza kuwekewa mashamba ya mpunga yanayolindwa. Kama kiwanja kimo humo hamjengi, hata jirani akiwa ameshajenga.

BandaJuu

PimaKwanza kamaliza ya kiwanja. Mimi nishike rehani na mbuzi.

Rehani ya shamba (gadai sawah): unampa mwenye shamba pesa, unalima au unalimisha, na siku akirudisha pesa anachukua shamba lake. Inaonekana salama. Ila Perpu (amri ya serikali yenye nguvu ya sheria) namba 56 ya 1960, kifungu cha 7, inasema shamba la rehani likishakaa miaka 7 linarudishwa bila malipo yoyote. Vijijini wengi hawaifuati, lakini siku mtoto wa mwenye shamba akirudi kutoka mjini na kuisoma, nguvu ni yake. Andikeni muda mfupi, miaka 2 au 3, mbele ya mkuu wa kijiji.

Piga hesabu. Robo hekta inatoa kama kilo 1,250 za mpunga kwa msimu, msimu ukiwa mzuri. Ukimpa mkulima kwa "maro", nusu kwa nusu, unabaki na kilo 625. Kwa bei ya serikali ya 2025, rupia 6,500 kwa kilo, ni milioni 4 hivi, na hujatoa sehemu yako ya mbolea. Misimu miwili, milioni 8 kwa mwaka. Linganisha na pesa anayoiomba jirani kabla hujakubali. Panya na wereng (vidudu vidogo vya kahawia vinavyonyonya shina) wanaweza kuufuta msimu mzima.

Jambo lingine: hakikisha shamba hilo si "tanah bengkok", yaani ardhi ya kijiji wanayopewa viongozi badala ya mshahara. Hiyo haiuzwi wala haiwekwi rehani. Anayeishika anaweza kuikodisha tu wakati yuko madarakani, na anayemrithi cheo halazimiki kuheshimu makubaliano yenu.

Mbuzi ndio pa kuanzia kwa mtu asiyejua kijiji bado, kwa sababu kosa lake ni dogo na linaonekana mapema. Mfumo unaitwa gaduh: unanunua majike, mfugaji anatunza, mnagawana watoto. Anzeni na majike 4 au 5 kwa mfugaji mmoja ambaye tayari ana mbuzi wake mwenyewe wenye afya. Andikeni: mama akifa hasara ni ya nani, watoto wanagawanywaje (wengi hupokezana, huyu wako, huyu wangu), dawa analipa nani, na kwamba mbuzi akifa mfugaji anaita siku hiyohiyo, ngozi na hereni ya namba vionekane.

Banda liwe la kuinuliwa, sakafu ya mbao au mianzi, nafasi kati ya mbao sentimita 1.5 hadi 2. Ikizidi, kwato za watoto zinakwama na miguu inavunjika. Ikipungua, mavi hayashuki, sakafu inalowa, kwato zinaoza. Majani mabichi ni kama asilimia 10 ya uzito wa mbuzi kwa siku. Yakatwe mchana, au yaachwe yanyauke kwanza. Majani ya jamii ya kunde yenye umande wa asubuhi ndiyo yanayowavimbisha tumbo na kuwaua kabla ya jioni. Beberu abadilishwe kabla hajaanza kupanda binti zake. Na tangu 2022 ugonjwa wa miguu na midomo (PMK) umerudi Indonesia: mbuzi mpya kutoka mnadani atengwe wiki mbili kwanza.

Faida iko Idul Adha. Mnunuzi wa kurban hatazami mbuzi kwa mbali. Anamshika kidevu, anafunua mdomo wa chini, anatafuta meno mawili ya mbele yaliyobadilika, mapana kuliko ya pembeni. Hilo wanaliita "poel". Dume mnene asiye poel bei yake inashuka papo hapo. Kwa hiyo rudi nyuma kwenye kalenda: mimba miezi 5, kisha mwaka mmoja na zaidi kidogo wa kukua. Nayo sikukuu inawahi siku 11 hivi kila mwaka.

msafiri_milimani

Asanteni sana. Mkataba wa mali tunaufanya kwanza. Je, sengon? Na ile KTP ya Jakarta ina shida gani? Tukishapata kiwanja tunataka nyumba ya tofali, vyumba viwili.

PimaKwanza

KTP ina shida kwa mashamba, kiwanja cha makazi hakihusiki. PP 224 ya 1961 inakataza kumiliki ardhi ya kilimo ukiwa unaishi nje ya kecamatan (tarafa) yake (au ya jirani iliyo karibu). BPN wataangalia anwani siku ya kuhamisha. Shemeji ahamishe KTP mapema, kazi yenyewe ni ya siku chache.

Sengon inavunwa miaka 5 hadi 7, na hilo si tatizo. Tatizo ni kuuza. Mchuuzi wa "tebasan" anapita shambani, anatazama, anataja bei ya shamba zima. Pima mzingo wa kila mti mita 1.3 kutoka chini, andika kwenye daftari, ndipo umkaribishe. Kwenye milima yenye ukungu, kutu ya uvimbe (karat tumor) inaua miche mingi, kwa hiyo tazama miti ya majirani kwanza: ukiona vinundu vya kahawia kwenye matawi, acha.

Fundi_Ringi

Nyumba: tetemeko la Yogyakarta la 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,700, wengi wakifunikwa na kuta za tofali zisizo na nguzo, zikiwemo za Klaten, ambayo ni Java ya Kati. Kwa hiyo fremu kwanza, vigae vya sakafu baadaye.

Vipimo vya chini kabisa: mkanda wa msingi (sloof) sm 15 kwa 20, nguzo 15 kwa 15, mkanda wa juu 12 kwa 15. Nondo kuu nne za mm 10, ringi (vyuma vya kuzifunga nondo hizo) za mm 8 kila sm 15. Zege 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), udongo wa kujengea saruji 1 mchanga 4. Ukuta kati ya nguzo usizidi mita za mraba 9. Kila safu 6 za tofali, nondo ya sm 40 itoke kwenye nguzo na kulala ndani ya ukuta.

Kuna kitu kinaitwa "besi banci": nondo inayouzwa kama mm 10 lakini ni nyembamba. Usibishane dukani, pima uzito. Nondo ya mm 10 yenye urefu wa mita 12 iwe kilo 7.4, ya mm 8 kilo 4.7. Ikipungua sana, rudisha.

Mwambie fundi akunje ncha za ringi nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Mafundi wengi hukunja 90 kwa kuwa ni haraka. Nguzo ikitikiswa, ringi inafunguka na nondo zinapinda nje. Kwenye kona, nondo za mikanda zipite na kukunjwa sm 40, zisiishie hapo. Tofali ziloweshwe kabla ya kujengwa, zisinyonye maji ya udongo. Na kuta za pembetatu chini ya paa ndizo huanguka mwanzo: zifungieni mkanda wa mshazari, au tumieni mbao.

Umeme: laini ya VA 900 (kipimo cha uwezo wake) ni ampea 4 tu. Jiko la wali, pasi na pampu vikiwaka pamoja, breka inaanguka. Ombeni VA 1300 tangu mwanzo.

BandaJuu

Nyongeza ya kibali: kwa kuwa ndoa imevuka miaka 2, unaweza kuomba KITAP (kibali cha ukaazi wa kudumu) kupitia mke, na Sheria ya Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 61, inakuruhusu kufanya kazi kwa mahitaji ya familia. Usajili wa biashara yenyewe (NIB) uwe kwa jina lake. Muda wa kibali ukipita, faini ni rupia milioni 1 kwa siku.

Mkifika tu, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa RT (kundi la nyumba jirani) ndani ya saa 24, na ulizeni zamu ya ronda (ulinzi wa usiku) na siku ya kerja bakti (kazi ya pamoja ya kijiji). Mkiona kikombe kidogo kimening'inizwa mbele ya kila nyumba, hicho ni cha jimpitan: usiku walinzi wanapita wakikusanya punje chache za mchele au sarafu. Tundikeni chenu wiki ya kwanza, na kisikutwe kitupu. Siku mtakayopandisha paa mtahitaji watu ishirini wa sambatan (majirani wanaosaidia kujenga), na watakaokuja ni hao waliokuwa wakipita na tochi.