Kopi ya NIDA imefungiwa karanga. Hivi hizi kopi tunazoacha kila mahali zinaishia wapi?

MwanaNgamiani:
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa mnisaidie. Juzi nimenunua karanga pale barabara ya 12, nimefika home nimekula nimemaliza, kuangalia ile karatasi ni kopi ya kitambulisho cha NIDA cha mtu. Sura imepauka ila jina lote linasomeka, tarehe ya kuzaliwa ipo, namba zote 20 zipo, na pembeni mtu kaandika kwa peni namba ya simu na neno MDHAMINI. Yani mama wa watu alimdhamini mtu mkopo huko, leo anafungiwa karanga Ngamiani.

Muuza karanga nimemuuliza, anasema makaratasi ananunua kwa kilo na hajui yanakotoka, na wala sikumlaumu maana hata mitihani ya watoto tunafungiwa mandazi kila siku. Ila imebidi nikae nihesabu mimi mwenyewe nimeacha kopi wapi na wapi, gesti, mkopo wa pikipiki, kwa mwenye nyumba, serikali ya mtaa, kazini, alafu stationari ndo usiseme, kijana anakwambia "nirushie whatsapp dada nikuprintie" unamrushia, unalipa, unaondoka, picha inabaki kwenye simu yake.

Sasa swali: mtu akiokota kopi yako anaweza kukufanyia nini hasa? Sheria ipo au ndo tumeshaliwa? Na huyu mama nimpigie nimwambie au ataniona tapeli?

Mla_Kashata:
Usimpigie. Umtajie mtu usiyemjua jina lake lote na tarehe ya kuzaliwa alafu umwambie "nakutakia mema"? Atakukatia kabla salamu haijaisha na ana haki zote. Choma hiyo karatasi yaishe.

Wakala_wa_Kange:
Ngoja nikujibu mi niliyekaa chini ya mwavuli nasajili laini. Kopi peke yake haikusajilii laini, tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikuhakikiwa zilianza kuzimwa 20 Januari 2020, mnakumbuka foleni za NIDA kipindi kile watu wanalala nje. Kwahiyo anayetaka laini kwa jina lako anahitaji kidole chako.

Na kidole tunampa wenyewe. Mama mtu mzima anakuja laini yake imepotea, kijana anashika kile kimashine, mama anaweka kidole, imeshakubali lakini dogo anakunja uso, "haijasoma mama, jifute jasho weka tena". Anaweka tena. Hapo mama kaondoka na laini moja ila zimesajiliwa mbili, ya pili inauzwa usiku huohuo. Sasa ile sms mnayotumiwa, "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani", huyo fulani mnayemtukana mara nyingi ni mama kama huyo, yupo zake Pongwe anapalilia mihogo, hajui kitu, siku polisi wakianza kufuatilia wanaanzia kwake.

Kila mtu apige *106# kwenye simu yake, inaleta menyu, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua usiseme labda ni ya zamani. Na namba ya tapeli unairipoti 15040.

Kopi faida yake kwa mwizi ni maneno. Anakupigia anajifanya wa ofisi fulani, anakutajia majina matatu na siku uliyozaliwa (zile tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ndo mwaka, mwezi na tarehe yako, hazijafichwa popote), ukishamuamini anakwambia nitajie tarakimu zilizoingia kwenye sms. Ukitaja umekwisha.

Baba_Duka_Chuda:
Mi nawashangaa, tunapenda kulialia. Kama huna la kuficha unaogopa nini? Dukani kwangu nimefunga kamera nne na mteja wa mkopo bila kopi ya NIDA simpi hata kiberiti. Kabla ya kamera nilikuwa naibiwa mafuta ya kula kila wiki, sasa hivi kimya. Acheni serikali na wafanyabiashara wafanye kazi.

Binti_Raskazone:
Kaka yangu Baba Duka, kamera hatujaikataa. Tatizo ni picha zake zinakwenda wapi. Hapa mtaani kuna duka liliibiwa simu, mwenyewe akachukua klipu akaitupa kwenye grupu la mtaa kaandika "mwizi huyu hapa", klipu yenyewe giza, inaonyesha kijana wa fulana nyekundu kapita na baiskeli. Tanga hii! kijana mwenye baiskeli! Kesho yake mdogo wake rafiki yangu nusura apigwe pale Makorora, kisa fulana, ikabidi wazee waingilie. Simu ilikuja kupatikana kwa mtu mwingine kabisa, ila ile klipu mpaka leo inazunguka na hakuna aliyerudi kwenye grupu kuandika samahani. Sasa huyo dogo alikuwa ana la kuficha?

Na hizo kopi za wadaiwa wako unaziweka wapi? Mtu akimaliza deni unamrudishia?

Baba_Duka_Chuda:
Zipo kwenye boksi chini ya kaunta. Sijawahi kuulizwa, nikiulizwa nitampa mtu yake.

Binti_Raskazone:
Haya, boksi. Na boksi likijaa?

Sheria_Kidogo:
Dada mleta mada, sheria ipo. Katiba ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Alafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Kwa kifupi anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie anazitaka za nini, azitumie kwa hilo tu, azitunze salama na zisikae kuliko inavyohitajika. Wakusanyaji wanatakiwa wajisajili kwenye Tume na we mwenye taarifa una haki ya kulalamika huko. Kwahiyo aliyeuza yale makaratasi kwa kilo ndo mwenye kesi, muuza karanga muacheni atafute riziki.

Wale wa mikopo ya simu mnawakumbuka? Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, unabonyeza ndio ndio ndio, ukichelewa kulipa wanamtumia sms mkweo, bosi wako na fundi bomba kwamba we ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na huo udhalilishaji wa wateja ulikuwa ndani ya malalamiko. Kwahiyo watu wakipiga kelele kuna vitu vinafanyika, polepole lakini vinafanyika.

Cha kufanya kuanzia leo: ukitoa kopi andika juu yake kwa peni, ipite katikati karibu na picha bila kuficha namba, "kwa ajili ya mkopo wa pikipiki tu" na tarehe. Haimzuii mwizi mkubwa ila mtu hawezi kuichukua ile ile akaombea kitu kingine. Na uliza kwanza, je ukikiona kwa macho na kuandika namba haitoshi? Wengi wanadai kopi kwa mazoea tu.

Mzee_wa_Muheza:
Wanangu nimewasoma. Mambo ya kadi huku kwetu hayakuanza jana. Enzi za Mjerumani, kuanzia 1907, kule Usambara mwanaume alipewa kadi inayomlazimu kufanya kazi kwa mzungu siku 30 kila miezi minne, na mwenye kadi isiyojazwa alikuwa na la kujieleza. Kwahiyo ukiniambia kitambulisho ni cha manufaa yangu nitakubali, ila nitauliza na nani mwingine anafaidi.

Lakini mnasahau kitabu cha gesti! Kiko wazi kaunta, jina, kabila, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, na "idadi ya watu". Kabila la nini kwa mtu anayelala usiku mmoja? Ukisubiri chenji unasoma wote waliolala wiki nzima. Nimewahi kumsoma shemeji yangu mule, alituaga yuko Moshi. Nikafunga kitabu, sikusema kitu.

Mla_Kashata:
😂😂 mzee umemaliza. Ndo faragha yenyewe hiyo

MwanaNgamiani:
Mzee nimecheka peke yangu kwenye daladala. Asanteni wote. Ile karatasi nimeichoma. Alafu nimepiga *106# kwangu ipo sawa, kwa mama yangu kuna namba mbili hazijui kabisa, moja ya mtandao ambao hajawahi kutumia maishani. Ana miaka 67, vidole vyake vimechakaa kwa kusuka ukili, kila akienda kusajili lazima waambiane "haijasoma". Nafanyaje hapo?

Wakala_wa_Kange:
Pole kwa mama. Usiende kwa wakala wa mwavuli, nenda naye kwenye duka lenyewe la huo mtandao, na ya pili kama ni mtandao mwingine nenda na kwao pia. Aende mwenyewe na kitambulisho chake, waambie namba hizi sizitambui nataka zifutwe kwenye jina langu. Watamuomba kidole tena, hapo simama karibu uangalie kioo cha mashine, wakisema haijasoma omba waonyeshe. Kabla hamjaondoka apige *106# palepale mbele yao, na wakiwaambia itafutika baadae andika jina la aliyewahudumia. Nendeni asubuhi, mchana foleni inakuwa mpaka nje.