Naomba ushauri: bastola ya CZ 75 ya chuma itahimili hewa ya chumvi ya Mtwara?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Niko Mikindani, nanunua ufuta na korosho. Kibali cha polisi ninacho, sasa nachagua bastola. Macho yameangukia CZ 75 B ya Jamhuri ya Cheki, risasi za milimita 9.

Nimeijaribu ya mzee mmoja, kwa ruhusa, kwenye uwanja wa shabaha. Imetulia mno mkononi. Ule uzito wa karibu kilo moja unameza mtikisiko, na kwa kuwa slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) inateleza ndani ya reli za fremu, yaani mwili wa bastola, inakaa chini karibu na kiganja. Mdomo wa bastola hauruki sana, risasi ya pili inarudi palepale. Kwa usahihi sina swali. Ila slaidi ni nyembamba, na vidole vyenye jasho vinaikosa wakati wa kuivuta.

Kinachoninyima usingizi ni kutu. Huku hata bawaba za madirisha zinaliwa na chumvi. Ya mzee ina rangi nyeusi ya kiwandani, lakini pale inaposuguana na ala, chuma kimeanza kuonekana, na kuna vidoa vyekundu kwenye kilenga cha nyuma.

Mnaoishi pwani na bastola za chuma, mnapaka mafuta gani, kila baada ya muda gani? Ala ya ngozi inatunza unyevu kuliko ya plastiki? Au nichukue Glock 17 ya fremu ya plastiki, nyepesi kiunoni? Moyo wangu uko kwenye CZ.