Prosesa: ninunue sasa au nivute subira?

Kutoka: Hannover

Wanajumuiya, habari za huko mliko. Wazee, shikamooni.

Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe mwaka 2017: prosesa ya AMD Ryzen 5 1600, madabodi (ubao mkuu) ya B350, ram (memori) ya DDR4 GB 16, kadi ya grafiki ya GTX 1060. Nahariria video za harusi na maulidi za watu wetu huku, natunzia hesabu za chama, na jioni mwanangu anaikalia kwa magemu. Bado inatembea, ila mambo mawili yananisumbua. Video za 4K zinazotoka kwenye simu za siku hizi zinaikaba koo. Pili, Windows 11 imeikataa, inasema prosesa yangu haimo kwenye orodha, na Windows 10 ndiyo hiyo Microsoft wameiacha mkono tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwenye duka mmoja hapa kanishauri niweke yote pembeni nianze upya na AM5, soketi (tundu la prosesa) mpya ya AMD. Nikapiga hesabu: prosesa, madabodi, ram. Nilipofika kwenye bei ya ram nikafunga ukurasa. Kijana naye ananiambia ningoje, eti prosesa mpya za AMD, Zen 6, ziko njiani. Mnasemaje?

Kutoka: Columbus, Ohio

Kaka wa Hannover, kabla hujatoa hata senti, fungua Task Manager, nenda Performance, kisha iambie programu yako itoe ile video iliyokusumbua. Kaa hapo uangalie. CPU (ndiyo prosesa) ikigota 100 huku kadi ya grafiki inapiga miayo, prosesa ndiyo mchawi wako. CPU ikiwa 40 na ram imejaa pomoni, hata ukiweka prosesa ya bei gani utarudi palepale. Magemu ya kijana yapime kivyake. Kama GTX 1060 inagonga 97 au 98 muda wote, mwambie prosesa mpya haitamsaidia. Anachokitaka ni kadi, na kadi akaitolee jasho mwenyewe.

Tuseme ni prosesa. Basi una bahati, kwa sababu uko AM4, soketi iliyotangulia AM5. AMD waliing'ang'ania soketi hiyo miaka mingi, na Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 inaingia kwenye madabodi nyingi za 2017, mradi BIOS, programu ya kuiamsha madabodi, isasishwe kwanza. Kori, yaani vichwa vya kazi ndani ya prosesa, ni 6 kama ulizo nazo, lakini kila moja ina kasi zaidi kwa mbali. Inakula wati 65 kama hiyo ya zamani, Windows 11 inaitambua, na kwenye boksi inakuja na feni yake. Ukitaka misuli zaidi ya kuhariri kuna 5700X, kori 8, wati 65 vilevile, ila feni ujitafutie. Zile zenye X3D mwishoni zina kashe kubwa (memori ya ndani ya prosesa) na sifa yake ni magemu. Kwa mtu wa harusi na maulidi ni kulipia kitu ambacho hutakigusa.

Kuhusu kungoja. Prosesa mpya huwa iko njiani siku zote, ukizisubiri utazeeka. Safari hii hata hivyo kinachoamua si prosesa, ni ram. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya memori ya dunia, na sasa wateja wao wakubwa ni wenye vituo vya data vya akili mnemba. Sisi wa kununua vipande viwili tumesukumwa nyuma ya foleni. Micron Desemba 2025 wametangaza kuifunga Crucial, chapa ambayo nusu yetu humu tuna ram zake. Na AM5 haikubali DDR4 kabisa. Ukihamia huko leo unanunua DDR5 kwa bei ya wazimu, huku una GB 16 nzima zisizo na kosa.

Kwa hiyo kubadili prosesa, badili. Kuhama soketi, ngoja. AMD wenyewe wameahidi AM5 itaendelea hadi 2027 na kupita, haikukimbii.

Kutoka: Rotterdam

Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Haraka ya nini? Tulioko nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya tunapata masasisho ya usalama ya Windows 10 bila malipo hadi Oktoba 2026, unachotakiwa ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kujiandikisha. Ipo palepale kwenye ukurasa wa Windows Update. Nje ya hapo kuna masharti, ama dola 30. Hannover yeye halipi kitu. Kwa nini asikae nayo, bei zikashuka?

Kuna watu watakwambia uweke Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Kwa hesabu za chama, sawa. Ila kama unahariri kwa DaVinci Resolve ile ya bure, kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265, yaani karibu kila video inayotoka kwenye simu ya mtu. Utabaki unazigeuza moja moja usiku kucha.

Kutoka: Columbus, Ohio

Rotterdam, hoja ya Windows naikubali. Ya bei kushuka sina imani nayo. AM4 ni soketi ya zamani na prosesa zake zinaondoka sokoni moja baada ya nyingine: 5800X3D imeachwa kutengenezwa 2024, 5700X3D ikafuata 2025, na leo watu wanazisaka za mtumba. Ram ikipanda, wengi wanabaki na DDR4 zao na kukimbilia prosesa hizihizi. Mwenye DDR4 akingoja, anangoja kitu kinachopungua.

Kutoka: Leicester

Kaka zangu mmejadili bei mpaka mmesahau kazi yenyewe. Nimewabadilishia prosesa za AM4 watu wengi hapa mtaani na yanayowakwamisha ni yaleyale.

BIOS inasasishwa *kabla*, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukiweka mpya kwanza utapata feni inazunguka na skrini nyeusi. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, tafuta jina kamili pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, usome orodha ya prosesa inazozikubali. Kama 5600 haimo, safari imeishia hapo na hujapoteza kitu. Kama BIOS yako ni ya zamani sana, huenda ukatakiwa kupitia toleo la katikati, usiruke. Na mlango wa chumba ufungwe, maana Ulaya umeme haukatiki lakini watoto huchomoa waya.

Jambo la pili linaliza watu. Ukiwasha na prosesa mpya, skrini nyeusi yenye maandishi itakuambia fTPM (hifadhi ya funguo za usalama ndani ya prosesa) imebadilika, ubonyeze Y au N. Ukibonyeza Y na diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, Windows itadai ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingine zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Basi angalia mapema kwenye mipangilio. Ukikuta imewashwa, izime kwanza au uandike ufunguo kwenye karatasi. Harusi za watu zimo humo.

La tatu ni kuitoa. Prosesa ya AM4 ina pini zaidi ya 1,300 chini ya tumbo lake, nyembamba kama unywele. Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na feni, ya tangu 2017, imekauka ikawa gundi. Ukivuta feni juu kwa nguvu, inang'oka na prosesa yake huku soketi bado imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine uipe kazi nzito robo saa ipate joto. Zima, chomoa waya ukutani, legeza skrubu nne kidogo kidogo kwa mshazari, halafu *zungusha* feni kulia na kushoto mpaka uisikie inaachia. Hapo ndipo unainua. Ile mpya ina pembetatu ya dhahabu kwenye pembe moja, ilinganishe na alama ya soketi, uiachie ikae yenyewe. Ukiona unaikandamiza, simama.

Na 1600 yako kama ilikuja na feni ya Wraith Spire, hiyohiyo inaitosha 5700X. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, paka mpya.

Kutoka: Hannover

Ahsanteni sana. Nimefanya kama Columbus alivyoagiza. CPU 100 mwanzo hadi mwisho, kadi haifiki 30, ram GB 13 kati ya 16. Kwenye magemu mambo yakageuka, kadi 98. Kijana kaona kwa macho yake, kanyamaza.

Madabodi yangu imo kwenye orodha, BIOS yangu ni ya 2018 na kweli kuna toleo la katikati. BitLocker haijawashwa. Nimeagiza 5700X mpya mtandaoni, si ya mtumba, kwa sababu huku ukinunua mtandaoni una siku 14 za kurudisha bila kuulizwa sababu, na muuzaji anawajibika kwa kasoro miaka miwili. Dada wa Leicester, Spire ninayo.

Ile 1600 nataka nimpelekee binamu yangu Tanga, madabodi yake ni B450 na prosesa yake ni dhaifu zaidi. Kuna anayesafiri?

Kutoka: Rotterdam

Pamoja na ubishi wangu, naenda Dar mwezi ujao na nitaibeba. Usiitie kwenye bahasha wala kuizungushia soksi. Ile 5700X itakuja ndani ya kiganda cha plastiki, 1600 iweke humohumo uifunge kwa selotepu. Binamu aje kuichukua Ubungo au aagize mtu, mimi Tanga sifiki.