Tupeane uzoefu: msongamano wa magereza unaanzia wapi?

Mleta mada, Dodoma Mjini
Kila Bunge linapojadili bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hoja ya msongamano magerezani hurudi, na majibu huwa ni kujenga mabweni au kusubiri msamaha wa Rais. Misamaha imekuwa mikubwa: Desemba 9, 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na Aprili 26, 2021 wakanufaika wengine 5,001, ingawa wengi wa hao walipunguziwa vifungo tu. Hata hivyo, msamaha humfikia aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu, ambaye mbele ya sheria bado hana hatia, haumhusu, na yeye analala katika jengo lilelile. Waliopita huko au wenye ndugu huko watueleze walichokiona, bila kutaja majina ya watu wala vituo.

Mkulima wa Chamwino
Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi, kosa lenye dhamana. Hakimu alitaka wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za mtendaji, na mmoja wao awe na mali isiyohamishika yenye hati. Kijijini kwetu kila mtu ana shamba la mtama na karibu hakuna mwenye hati. Mdogo wangu alikaa mahabusu hadi tukamaliza kuvuna, kisha mlalamikaji akaacha kufika mahakamani na shauri likaondolewa.

Karani mstaafu, Kondoa
Nakubaliana nawe, ndugu wa Chamwino, lakini waliokaa muda mrefu kuliko wote niliowaona ni wa kesi za mauaji. Mahakama ya chini haina mamlaka ya kuzisikiliza, hivyo mshtakiwa hushushwa kwenye karandinga, jina linasomwa, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, na tarehe nyingine inapangwa. Baada ya hapo husubiriwa kikao cha Mahakama Kuu. Mahakama Kuu iliwahi kubatilisha kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama hayo, lakini Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Tangu hapo mjadala umebaki kwa wabunge, na kwa maoni yangu ndipo unapostahili kuwa. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2023, kwa hiyo hatuna upungufu wa mapendekezo.

Mama wa Manyoni
Mume wangu alikamatwa na nyama ya porini. Kumbe nyara za Serikali huhesabiwa kuwa uhujumu uchumi, na kesi hiyo inahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kusikilizwa. Nauli ya kumtazama ndiyo iliyokuwa ada ya watoto.

Mfanyabiashara, Mpwapwa
Poleni, lakini nami nisikilizwe. Nilivamiwa dukani kwa silaha, na sitaki kukutana sokoni na mtu ninayepaswa kumtolea ushahidi. Akae ndani, ila kesi iishe. Ilivyoahirishwa mara kwa mara, shahidi wangu mmoja alihama na mwingine alichoka, kwa hiyo ucheleweshaji huu haukunisaidia hata mimi niliyeibiwa.

Aliyetumikia nje, Bahi
Mimi nilipatikana na hatia ya kujeruhi. Kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupewa kazi za umma badala ya kufungwa, nami nikapangiwa kufyeka na kusafisha eneo la zahanati. Aibu ilikuwepo, maana niliyemjeruhi alipita pale akiniona, na huenda adhabu hiyo ilimridhisha kuliko ningepelekwa mbali. Jioni nilirudi kulisha wanangu. Afisa aliyenisimamia alikuwa na kata nyingi na hana hata pikipiki. Aliniambia kwamba baadhi ya mahakimu husita kutoa amri hiyo kwa kuwa hawana hakika kama kuna atakayemfuatilia mtu. Mbunge atakayesimama kuomba fedha za mabweni aombe na za pikipiki hizo.