Paa la nyumba Kigamboni: bati la mkaa, maruni au kijivu chepesi?

MjenziKgb (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Kenchi zimeshapanda, wiki ijayo natakiwa kulipia bati, na rangi bado hatujakubaliana. Nyumba iko Kigamboni, kama kilomita moja na nusu kutoka ufukweni. Ni mita 14 kwa 11, paa la pande nne, mwinamo nyuzi 25, bati linatoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande. Ukuta utapigwa krimu, madirisha ni alumini nyeusi, vigae vya baraza ni kijivu. Nimepanga migongo mipana, geji 28.

Mama watoto anataka mkaa isiyong'aa, mimi napenda maruni, fundi anasema tuchukue kijivu chepesi kwa ajili ya joto. Naomba kujua: hiyo tofauti ya joto ni kubwa kweli au ni maneno ya mtaani? Ipi haipauki haraka huku pwani? Na nahitaji mita ngapi, maana kila fundi anakuja na hesabu yake.

---

Kivulini

Mkuu, msikilize fundi wako. Bati jeupe likiwa safi hurudisha takriban asilimia 65 hadi 70 ya joto la jua. Kijivu chepesi kinacheza kati ya 40 na 55. Mkaa wa kawaida haufiki hata 15, kinachobaki chote kinaingia kwenye bati. Saa 7 mchana jua likiwa kali, bati la mkaa linaweza kupita nyuzi 65, na jeupe lililo pembeni yake likawa chini kwa nyuzi 20 au zaidi. Maruni nayo iko karibu na mkaa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo kwa upande wa joto wewe na mama watoto hamjapishana sana.

Upo mkaa uliotengenezwa kwa rangi maalumu zinazorudisha miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Huo unafika 25 hadi 30. Ukiutaka, omba karatasi ya vipimo ya kiwanda yenye namba ya SRI (kipimo cha jinsi rangi inavyorudisha jua na kutoa joto), usiridhike na maneno ya kaunta. Na mtu asikushauri uachane na rangi kabisa uweke bati la fedha. Linarudisha jua vizuri likiwa jipya, lakini likishapata moto halitoi joto lake kirahisi kama bati lililopakwa rangi.

Ila rangi peke yake haitoshi, joto lililoko juu ya dari lazima lipate pa kutokea. Dari lako lina mita za mraba 154. Lenga matundu ya hewa yenye uwazi wa jumla wa mita 1 ya mraba, yaani sehemu 1 kwa 150: nusu kwenye dari la nje chini ya bati, nusu juu karibu na kofia (bati linalofunika mgongo wa paa). Ziba kwa wavu mdogo, popo wa Kigamboni hawahitaji kualikwa mara mbili. Ukiweka foili, upande unaong'aa utazame uwazi wa hewa wa angalau milimita 25. Foili iliyolala ikigusa bati haizuii joto, inalipitisha tu.

---

AluZinki

Mimi ningeanza na kilicho chini ya rangi. Pwani bati haliozi kuanzia katikati, linaanzia kwenye makali yaliyokatwa na kwenye matundu ya skrubu, pale ambapo rangi haipo. Hapo linalolinda ni mpako wa madini. Mabati mengi ya rangi yana alu-zinki: alumini asilimia 55, zinki 43.4, silikoni 1.6. Namba ya AZ, yaani uzito wa mpako huo, ni gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ150 ni gramu 150, na AZ70 haifiki nusu yake, ingawa ukiyatazama, yote mawili ni bati lile lile la mkaa linalometameta dukani. Kwa kilomita moja na nusu kutoka baharini, nisingeshuka chini ya AZ150. Ungekuwa ndani ya mita mia chache kutoka baharini, ningekwambia utafute bati la alumini lenye rangi.

Geji nayo isikulaze. Geji 28 ya duka hili si lazima iwe ya duka lile. Uliza unene kwa milimita, na uliza kama ni unene wa chuma peke yake au pamoja na rangi. Pima mwenyewe kwa maikromita sehemu tatu za bati.

Sasa kupauka. Rangi ya juu kwa kawaida ni polista ya maikroni 20 juu ya praima ya maikroni 5. Rangi zinazotokana na madini, hasa oksidi ya chuma (nyekundu ya tofali, kahawia, krimu), zinavumilia jua. Zinazochoka mapema ni nyekundu inayowaka, machungwa na njano kali. Maruni iko njia panda: ya udongo inakaa, yenye uzambarau inaelekea kwenye waridi. Mkaa wenyewe hauhami sana rangi, tatizo lake ni unga. Polista ikiliwa na jua inatoa unga mweupe, ukipitisha kidole unakiona, na juu ya rangi nyeusi unga huo unaonekana kama paa limemwagiwa majivu. Kijivu chepesi kinatoa unga ule ule lakini unajificha. Mwenye bajeti na anayeng'ang'ania rangi nzito aulizie PVDF badala ya polista, inakaa miaka mingi zaidi juani, na bei yake inapanda vilevile.

Soma pia dhamana mstari kwa mstari. Dhamana ya kutotoboka si dhamana ya rangi, na nyingi zinaweka umbali wa chini kutoka baharini.

---

MjenziKgb (mleta mada)

Shukrani sana. Naona tunaelekea kijivu chepesi. Ila mama watoto anauliza kama tunaweza kuweka kofia, gata na fishabodi za mkaa ili zishikane na madirisha. Je, joto litarudi?

---

Hesabu za Paa

Halirudi. Twende na namba.

Ukijumlisha sentimita 60 kila upande, nyumba inakuwa mita 15.2 kwa 12.2, sawa na mita za mraba 185.4 kwa chini. Gawanya kwa kosaini ya nyuzi 25, yaani 0.906, unapata mita za mraba 204.6 za paa. Muulize muuzaji upana unaofunika, sio upana wa bati zima, kwa sababu mgongo mmoja unalaliwa na bati linalofuata. Kama linafunika mita 0.75, unahitaji mita 273 za urefu wa bati. Paa la pande nne linakatwa sana kwenye pembe, ongeza asilimia 10: agiza mita 300. Fundi atakayekuambia 250 amesahau mwinamo.

Mgongo wa juu wa paa ni mita 3 tu, na zile kona nne zina mita 9.1 kila moja. Jumla ya kofia ni kama mita 39.4. Kipande cha mita 2 kikilaliwa sentimita 15 kinabaki na mita 1.85, kwa hiyo vipande 22, chukua 23. Hata kofia ikiwa na upana wa sentimita 45, eneo lake halifiki mita za mraba 18, chini ya asilimia 9 ya paa. Weka mkaa bila wasiwasi. Skrubu ni 6 hadi 8 kwa mita ya mraba, kwa hiyo agiza 1,500 kwa kuanzia, na zile za kofia ziwe za rangi ya kofia.

Jambo moja la lazima: mabati yote yaagizwe siku moja na yatoke kwenye koili za toleo moja. Ukiongeza mita 20 mwezi ujao, "kijivu" kile kile kitakuja na kivuli tofauti, na utakiona kila ukiingia getini.

---

Mama Vigae

Mkuu, kabla hujalipa omba kipande cha bati chenye urefu wa mita moja, sio kile kibati cha kiganja. Rangi kwenye kipande kidogo inaonekana nzito, ikishasambaa paa zima inaonekana nyepesi. Kiinamishe kwenye papi kwa mwinamo ule ule wa paa, kisha simama barabarani ukitazame saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Kimwagie maji pia. Weka kigae cha baraza na kipande cha fremu ya dirisha pembeni yake.

Angalia asili ya kijivu chenyewe. Kuna kijivu cha ubluu na kijivu cha udongo. Krimu ya ukuta inapatana na cha udongo. Cha ubluu kinaifanya krimu ionekane kama ukuta mweupe uliochafuka. Ukuta utaupaka upya baada ya miaka mitano, vigae na madirisha hayabadiliki kirahisi, kwa hiyo bati lifuate hivyo viwili kwanza.

Isiyong'aa ni nzuri kwa geji nyembamba kwa sababu haionyeshi mawimbi na alama za kukanyagwa, na haimchomi jirani macho. Ubaya wake inashika vumbi kidogo zaidi. Kama kuna mkorosho au mwembe unaoinamia paa, kata matawi kabla ya kuezeka, kwani majani yakioza juu ya bati la rangi nyepesi yanaacha madoa ya kahawia.

---

AluZinki

Naongezea yanayoharibu rangi nzuri siku ya kuezeka, maana hapo ndipo pesa inapotea.

Fundi asikate bati kwa grainda. Cheche zinaunguza rangi na kunata, baada ya wiki chache kila cheche ni nukta ya kutu. Atumie mkasi wa bati au msumeno wa bati. Chenga za kutoboa skrubu zifagiliwe kwa brashi laini kila jioni kabla umande haujaingia. Alama zipigwe kwa kalamu ya wino, sio penseli, kwa sababu grafiti ya penseli inakula alu-zinki. Skrubu ziwe za mpako mzito wa zinki zenye washa ya mpira. Wengi hukimbilia stenlesi wakidhani ndiyo bora, lakini huku pwani inalila bati kuzunguka tundu. Mbao za dawa zikiwa bado mbichi zisigusane na bati, zikauke kwanza, maana dawa ile ina shaba.

Mabati yakifika yasilale chini yakiwa yamebebana na maji katikati. Yainue juu ya mbao, upande mmoja uwe juu kidogo, yafunikwe lakini hewa ipite. Kama yana plastiki ya kuzuia mikwaruzo, ibanduliwe siku ile ile bati linapopanda. Ikipigwa na jua inaganda, na kuitoa ni kwa kucha.

Mkwaruzo mwembamba usioonekana kutoka chini uache. Ukipaka rangi ya kopo kwa brashi pana, kile kiraka kitapauka kabla ya paa na kitaonekana zaidi ya mkwaruzo wenyewe. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma ndio unaotiwa rangi, kwa ncha ya brashi ndogo, usivuke mipaka yake.

Na kwa kuwa uko karibu na bahari: mvua inaosha juu ya paa, haioshi lile bati lililotokeza nje ya ukuta kwa upande wa chini. Chumvi inabaki pale. Kama hutaliziba kwa dari la nje, lipige maji baridi ya bomba kila baada ya miezi sita, pamoja na ndani ya gata.