Mjadala: Sanamu ikikatwa na roboti, kibao kiandikwe nini?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Siku hizi mchongaji anaweza kufinyanga kielelezo kidogo cha udongo, akakipiga skana, akakiboresha kwenye kompyuta, kisha akapeleka faili kwenye printa ya 3D au kwa roboti ya kukata mawe. Carrara, Italia, kulikotoka marumaru ya Michelangelo, mchongaji maarufu wa zamani wa Italia, kuna karakana ambamo roboti zenye ncha za almasi hukata jiwe usiku na mchana, na mafundi huingia mwishoni kulisugua na kulimalizia. Sanamu ikifika kwenye maonyesho, kibao cha maelezo kinataja msanii, mwaka na "marumaru", basi. Roboti haitajwi, wala fundi.

Msimamo wangu: mashine itumike, ila kibao kitamke kazi ilivyofanyika, na idadi ya nakala itangazwe kabla ya kuuzwa ya kwanza. Mnasemaje?

Mchongaji wa mawe

Mimi naanza kupinga kwenye mashine yenyewe. Jiwe lina mishipa na nyufa zisizoonekana. Ukigonga tindo, mlio unabadilika, na mkono unajua kwamba hapa nguvu ipungue. Maamuzi mengi ya mchongaji yanazaliwa hapo, jiwe linapomkatalia. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, iliyokamilika mwaka 1504 ikiwa na urefu wa mita 5.17, ilitoka kwenye jiwe jembamba ambalo mchongaji mwingine alishalianza na kuliacha miaka mingi kabla. Ilibidi mwili wote uenee kwenye kilichobaki. Kwa Maonyesho ya Dunia ya Dubai, yaliyofunguliwa 2021, sanamu hiyohiyo ilipigwa skana, ikachapwa kwa resini, aina ya plastiki inayogandishwa, kwa ukubwa uleule, halafu mafundi wakaipaka unga wa marumaru. Umbo ni lilelile, lakini printa haikubanwa na jiwe lolote. Kwenye skrini hakuna kinachomkatalia msanii, na ndiyo maana kazi nyingi za kompyuta zinafanana: laini mno, zimejaa matundu na misokoto kwa sababu tu programu inaruhusu.

Mleta mada

Ndugu mchongaji, hoja yako kuhusu jiwe naipokea. Ila mkono wa msanii ulitengana na jiwe zamani, kabla ya kompyuta. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alikuwa mtu wa udongo. Marumaru zake zilichongwa kwa kiasi kikubwa na wasaidizi. "Mtu Anayefikiri" alianza akiwa na kimo cha sentimita 70 hivi. Aliyemkuza hadi kufikia mita 1.8 na zaidi ni fundi Henri Lebossé, kwa mashine ya kunakili umbo iliyofuata kila kona ya kielelezo kidogo na kuihamishia kwenye kikubwa. Sanamu hiyo kubwa ilionyeshwa mwaka 1904. Printa ya 3D ilikuja baadaye sana: hataza ya mvumbuzi wake, Chuck Hull, ya kugandisha resini kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, ilitolewa 1986. Kwa hiyo mashine ilishaingia karakanani miaka zaidi ya 80 kabla ya printa, na Lebossé hatajwi na yeyote anayesimama mbele ya sanamu ile. Hilo ndilo linaloniuma.

Fundi wa kusubu

Niseme kutoka upande wa tanuri. Watu wanadhani printa inatoa sanamu tayari. Kinachotoka mara nyingi ni kielelezo cha nta au plastiki. Tunakifunika kwa tope la kauri, tunakiyeyusha au kukiunguza mpaka kitoweke, ndipo tunamimina shaba nyeusi (bronzi) kwenye uwazi uliobaki. Shaba ikipoa husinyaa, kwa hiyo faili lazima likuzwe kidogo mapema. Mistari ya tabaka, yenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.3, isiposuguliwa kwa msasa inajitokeza yote kwenye chuma. Mkono bado una kazi nyingi.

Halafu kuna maumbo yasiyowezekana kwa njia nyingine. Bathsheba Grossman wa Marekani anatengeneza sanamu za kihisabati zilizosokotana ndani kwa ndani kiasi kwamba hakuna kalibu unayoweza kuifungua ukalitoa umbo zima. Anazichapa kwa unga wa chuma cha pua unaonyweshwa shaba nyeusi. Umwambie nani achonge hiyo kwa tindo?

Msomaji wa sheria

Mimi suala la nakala ndilo naliona zito. Ufaransa, shaba nyeusi huhesabiwa kazi halisi hadi nakala 12: 8 zenye namba na 4 za msanii. Kalibu ya zamani ilijiwekea kikomo kwa kuchakaa. Faili halichakai. Mnunuzi wa namba 3 kati ya 8 analindwa na nini, faili likibaki kwenye diski ya msanii, ya karakana na ya warithi?

Mpenda makumbusho

Mfano mmoja tu. Msanii Morehshin Allahyari, mzaliwa wa Iran, kwenye mradi wake wa 2015 hadi 2016, alichapa upya kwa resini angavu sanamu 12 zilizovunjwa na kundi la ISIS nchini Iraki, na ndani ya umbo akaweka kifaa cha kuhifadhia data chenye picha, ramani na nyaraka za kazi ile. Historia ya kitu imo tumboni mwake. Kama yeye aliweza kuingiza yote hayo ndani ya resini, kibao cha mistari minne kinashindikana vipi?

Mchongaji wa mawe

Kibao sikikatai. Lakini mleta mada, hujanijibu jambo moja. Wasaidizi wa Rodin walikuwa watu. Walianza kwa kupunguza jiwe kwa ukali, kazi ile ya kuchosha, na baadhi yao wakaibuka wachongaji wakubwa. Constantin Brâncuși alipita karakana ya Rodin mwaka 1907. Sehemu hiyohiyo ya kazi, hatua ya mwanafunzi, ndiyo roboti imeichukua. Miaka 30 ijayo nani atamalizia nyuso na vidole?

Mleta mada

Sina jibu kamili, na kibao peke yake hakitafundisha mtu. Ila naliingiza kwenye pendekezo langu. Kibao kiseme: umbo limebuniwa na nani, limekatwa au kuchapwa kwa mashine gani, limemaliziwa kwa mkono wa nani kwa jina, na ni nakala ya ngapi kati ya ngapi. Mkataba wa mauzo useme faili linahifadhiwa wapi na nani ana ruhusa ya kulifungua. Na karakana yoyote inayopata fedha za umma kununua roboti ilazimishwe kuchukua wanafunzi wa tindo, walipwe, wapewe mawe yao ya kuanza mwanzo hadi mwisho. Mchongaji wa mawe, kwa masharti hayo bado unapinga?

Mchongaji wa mawe

Roboti bado napinga. Hilo la wanafunzi nalisaini hata leo.